Programu ikisuasua, dawa ni kuipima kwanza
Na Mwandishi Wetu

KWA miaka mingi, wachezaji wa mchezo wa kompyuta wa GTA Online, uliozinduliwa mwaka 2013, walilalamikia muda mrefu wa kusubiri hadi mchezo ufunguke. Wapo walioilaumu intaneti, na wapo walioamini kuwa kompyuta zao zimechakaa.

Mwanzoni mwa mwaka 2021, mtaalamu mmoja wa programu aliamua kuacha kukisia na kupima. Katika kompyuta yake, mchezo ulitumia dakika sita kufunguka. Alibaini kuwa kwa sehemu kubwa ya muda huo intaneti na diski hazikuwa na kazi, ilhali sehemu moja ya prosesa ilifanya kazi kwa nguvu zake zote. Tatizo, basi, lilikuwa ndani ya programu yenyewe.

Hatua iliyofuata ndiyo wataalamu huiita profailingi, yaani kuchunguza ni sehemu ipi ya programu inayokula muda. Chombo cha upimaji huichungulia programu mara nyingi, kwa vipindi vifupi, na kuandika inachofanya wakati huo. Ni sawa na mkaguzi anayeingia dukani mara 100 kwa siku bila taarifa. Akimkuta muuzaji mara 80 akitafuta chenji, hahitaji kuuliza foleni inatoka wapi.

Upimaji ulifichua kasoro mbili. Mchezo ulisoma orodha ya bidhaa yenye ukubwa wa megabaiti 10 hivi, na kila uliposoma kipengele kimoja, ulihesabu upya herufi zote zilizobaki hadi mwisho wa orodha. Kisha kila bidhaa, kati ya takriban 63,000, ililinganishwa na zote zilizotangulia ili kuhakikisha haijirudii.

Kasoro ya aina hiyo haionekani orodha ikiwa fupi. Bidhaa 100 huhitaji ulinganisho usiofika mara 5,000, lakini bidhaa 63,000 huhitaji karibu mara bilioni mbili.

Mtaalamu huyo aliporekebisha sehemu hizo mbili tu, muda ulishuka hadi dakika moja na sekunde 50. Kampuni ya Rockstar Games, inayomiliki mchezo huo, ilikiri kasoro hiyo, ikamzawadia dola 10,000 za Marekani na kutoa marekebisho Machi 2021.

Jambo hilo si geni katika fani hiyo. Mwaka 1971, Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alichapisha utafiti wa programu za lugha ya Fortran, ulioonyesha kuwa kwa kawaida chini ya asilimia nne ya programu hutumia zaidi ya nusu ya muda wote wa utendaji.

Ndiyo maana wataalamu hushauri kupima kabla ya kurekebisha chochote au kununua kompyuta mpya, na kupima tena baada ya kila marekebisho.