Jina Jema Halitoshi: Toyota, Njia ya Kotile na Amana ya Muuzaji

 

Ndugu wasomaji, mama zetu na dada zetu, huenda wengine wenu mtashangaa kutuona wiki hii tukiandika habari za magari katika ukurasa ambao mmezoea kusoma humo habari za malezi, ndoa na mirathi. Tunaomba subira yenu. Gari leo ni miongoni mwa mali kubwa ambazo familia zetu hununua baada ya nyumba na shamba, na mara nyingi fedha yake hutoka katika mifuko ya akina mama. Jambo lenye kubeba mali ya mjane na mayatima haliwezi kuwa nje ya mazungumzo ya dini.

Yaliyotusukuma kuandika tuliyakuta Kotile, katika eneo la Ijara, Kaunti ya Garissa. Ni mji mdogo wa wafugaji na wakulima, si mbali na Mto Tana. Wengi walio nje wameusikia kwa ajili ya hirola, yule swala adimu ambaye wenyeji humlinda katika hifadhi yao ya Ishaqbini. Tulikwenda huko kwa darsa. Baada ya sala ya alasiri tuliketi kivulini nje ya msikiti, na kila gari lililopita mbele yetu likiinua vumbi lilikuwa na alama ile ile usoni: Toyota. Probox ya abiria, Land Cruiser iliyopakia mbuzi, Hiace iliyochakaa rangi. Mzee mmoja akatuambia kwa mzaha kwamba hapa mtoto hulijua neno hilo kabla hajaijua alifu.

Kisha akaja mama mmoja mjane, akasimama kwa adabu pembeni, akatuuliza: "Maalim, mimi nilinunua gari au nilinunua jina?"

Tutamrudia mama huyu. Kwanza tulitazame jina lenyewe lilikotoka, kwa kuwa jibu la swali lake limo pia katika asili yake.

Kitanda cha mfumi

Habari ya Toyota haikuanza na gari. Ilianza na kitambaa, na kazi ya wanawake. Sakichi Toyoda alizaliwa Japani mwaka 1867, mwana wa seremala, katika kijiji ambacho wanawake walifuma nguo kwa mkono kwa taabu kubwa. Alitaka kuwapunguzia kazi hiyo, na mwaka 1891 akapata hati ya uvumbuzi wa kitanda cha mbao cha kufumia. Aliendelea kukitengeneza na kukitengeneza tena, hata mwaka 1924 ukakamilika mtambo uliofuma wenyewe. Sifa iliyoupa mtambo huo heshima ni hii: uzi mmoja ukikatika, mtambo husimama papo hapo. Haukuendelea kufuma kitambaa chenye kasoro kisha kikafichwa ndani ya jora.

Mwaka 1929 haki za mtambo huo ziliuzwa kwa kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, na mwanawe, Kiichiro, akaingia katika utafiti wa magari. Gari dogo la kwanza lilitoka mwaka 1936, na kampuni ikasimama rasmi mwaka 1937. Jina la ukoo, Toyoda, likageuzwa kuwa Toyota. Ilisemwa kwamba ni jepesi zaidi masikioni, tena huandikwa kwa mistari minane, na nane kwao ni namba ya heri. Sisi hatutegemei heri ya namba. Lakini ule mtambo unaosimama uzi ukikatika, huo tunaukubali kuwa ni mafunzo.

Land Cruiser, ambayo kwetu imekuwa kama ngamia wa chuma, ilianza mwaka 1951. Katika majaribio yake ilipanda Mlima Fuji hadi kituo cha sita, mahali ambapo gari halikuwa limefika. Jina la Land Cruiser lilipewa mwaka 1954. Hiace ilikuja mwaka 1967, Hilux mwaka 1968. Probox ni mtoto wa juzi: ilitoka mwaka 2002, ikiwa gari la kazi la wafanyabiashara wa Japani, la kubebea bidhaa za dukani na vifaa vya mafundi. Haikuundwa kubeba watu tisa na magunia mawili juu ya paa. Hilo tumelizua sisi wenyewe.

Kwa nini yamejaa kwetu

Japani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na usukani wao uko kulia. Sheria yao hulitaka gari likaguliwe baada ya miaka 3 ya kwanza, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama, hivyo wengi huuza mapema na kununua jipya. Kenya nayo hairuhusu kuingizwa gari lililotumika likiwa na zaidi ya miaka 8, na hutaka likaguliwe huko huko kabla ya kupakiwa melini. Ndiyo maana bandari ya Mombasa hupokea magari ambayo kwa Wajapani yameshazeeka na kwetu huitwa mapya. Na kwa kuwa yamekuwa mengi, spea zake hupatikana hadi vijiji vya ndani, na fundi anayeijua injini yake hakosekani. Hiyo ndiyo nguvu yake kubwa: likiharibika, kuna mtu wa kulitengeneza.

Kijana mmoja dereva wa Kotile alitupa ushahidi mwema. Probox yake imepita kilomita laki tatu. Ana daftari la shule ambamo huandika kila siku aliyobadilisha mafuta ya injini, na hapitishi kilomita 5,000. Usiku mmoja wa mvua alimchukua mwanamke aliyeshikwa na uchungu, wakatoka Kotile kwenda hospitali ya Masalani. Walikwama topeni mara mbili, wakashuka wanaume wakasukuma, na mtoto akazaliwa hospitalini salama, Alhamdulillahi. Tulipomuuliza siri ya gari lake, alijibu: "Maalim, gari ni kama ng'ombe. Ukimkamua bila kumlisha, usimlaumu."

Uzi uliofichwa

Sasa tumrudie mjane wetu. Mumewe alipofariki, mirathi iligawanywa kwa sheria. Yeye aliuza ng'ombe wa fungu lake, akaongeza fedha ya ayuto aliyochanga na wanawake wenzake kwa zaidi ya mwaka, akamtuma mpwa wake mji wa pwani kutafuta gari la abiria. Huko walimkuta dalali. Mita ilisoma kilomita elfu tisini na kitu. Gari lilikuwa limeoshwa, viti vimevishwa, injini imepakwa dawa ya kung'arisha. Mpwa alipotaka kumwita fundi, dalali alicheka akasema: hii ni Toyota, Toyota haifi, fundi wa nini?

Miezi miwili baadaye gari lilianza kunywa mafuta ya injini, na gia zikawa zinaingia kwa kushtuka. Fundi wa Garissa alipofungua mlango wa dereva na kusugua vumbi pembeni mwa fremu, akakuta kijikaratasi kidogo kilichoandikwa Kijapani. Maneno hakuyajua, lakini namba ni namba. Ilikuwa karatasi ya gereji ya huko Japani, ya kubadilisha mafuta, nayo ilisema kilomita 187,000. Mita ilikuwa imerudishwa nyuma.

Wenye mifugo wataifahamu hila hii mara moja. Mtume (S.A.W.) alikataza kumfunga ngamia au mbuzi chuchu na kumwacha bila kukamuliwa siku kadhaa ili kiwele kijae, mnunuzi adhani ni mnyama wa maziwa mengi. Wanazuoni waliita jambo hilo *tasriya*, na hadithi yake imo katika vitabu vya Bukhari na Muslim. Aliyenunua kwa kudanganywa hivyo amepewa hiari, kubaki na mnyama au kumrudisha pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyoyakamua. Kurudisha mita nyuma ni kiwele kilichofungwa. Anayefanya hivyo asijidanganye kuwa ni ujanja wa biashara. Ni haramu ile ile, imevaa nguo nyingine.

Wala jina zuri la mtengenezaji halimtakasi muuzaji, kwani hata mtengenezaji mwenyewe huteleza. Mwaka 2009 watu wanne wa familia moja walifariki California katika gari la Lexus, tawi la kampuni hiyo hiyo, lililoshindwa kupunguza mwendo, na mamilioni ya magari yakaitwa yarudi kurekebishwa zulia na kanyagio za mafuta. Februari 2010 mkuu wa kampuni, Akio Toyoda, mjukuu wa Kiichiro, alikwenda mbele ya Bunge la Marekani akaomba radhi. Mwaka 2014 kampuni ililipa dola bilioni 1.2 kwa kuwa ilikuwa imewapotosha wateja juu ya hatari hizo. Na Desemba 2023 Daihatsu, kampuni ambayo Toyota huimiliki yote, ilikiri kwamba majaribio ya usalama yalighushiwa katika aina 64 za magari. Viwanda vyake vikasimama, na kile cha Kyoto kinachounda Probox kikaanza tena kazi Februari 2024.

Hatusemi haya ili kuwavunja moyo wenye magari hayo. Tunasema ili ifahamike kwamba wajukuu wa aliyevumbua mtambo unaosimama uzi ukikatika nao waliwahi kuendelea kufuma uzi ukiwa umekatika. Walipoficha, walidhalilika. Waliposimama na kukiri, ndipo imani ilipoanza kurudi. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba wenye kuuziana wakisema kweli na kubainisha aibu hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka hufutwa. Hukumu hii haichagui bara wala kabila.

Kilichoamuliwa

Je, mama yetu alikuwa na haki gani? Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, mnunuzi anayegundua aibu iliyofichwa ana hiari ya kurudisha bidhaa na kuchukua fedha yake. Lakini hiari hiyo ni ya haraka. Akijua kisha akaendelea kuitumia bila udhuru, haki ya kurudisha humwondoka. Na hapa ndipo moyo wetu ulipouma. Mama huyu alijua kwa fundi, akanyamaza wiki sita huku gari likiendelea kubeba abiria, kwa haya na kwa kuogopa kuambiwa kwamba mwanamke hajui magari. Wazee walikwenda kwa dalali, wakapatana kwa sulhu, akarudishiwa sehemu ya fedha. Sehemu tu. Injini ikatengenezwa kwa deni la ndugu, na gari linafanya kazi hadi leo, lakini faida ya mwaka mzima imekwenda gereji badala ya karo ya watoto.

Tulimjibu hivi: "Mama, ulinunua gari, lakini uliuziwa jina." Akatikisa kichwa, akasema afadhali wenzake wajue.

Basi kwa ajili yenu tunausia. Gari litazamwe mchana, na fundi mliyemchagua nyinyi, si wa muuzaji. Ombeni karatasi ya mnada wa Japani na cheti cha ukaguzi, mlinganishe namba ya chasisi na kilomita. Tazameni kanyagio na usukani: mpira uliolika haukubaliani na mita inayosema gari ni changa. Fungueni milango mtafute vijikaratasi vya gereji. Hakikisheni kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, ni nani mwenye gari kabla ya kutoa shilingi. Andikeni mapatano mbele ya mashahidi, kama tulivyoagizwa kuandika madeni katika Suratul Baqara. Na gari lililonunuliwa kwa mali ya mama liandikwe kwa jina la mama. Mpwa au kaka ni mjumbe, si mmiliki, na mali ya mwanamke ni yake kwa hukumu ya Mola wake.

Nanyi mnaouza, neno la "nauza lilivyo" halikuondoleeni dhima ya aibu mliyoijua mkaificha. Sema: giaboksi inashtuka, lilipata ajali ubavuni, mita si ya kutegemea. Bei itapungua kidogo, na usingizi utakuwa wako.

Tulipoondoka Kotile tulipanda ile Probox ya kijana wa daftari. Tulikuwa abiria wanne tu. Alikataa kuongeza wa tano aliyesimama na gunia, akamwambia kwa upole: "Samahani mzee, springi za nyuma hazimudu leo, nitakurudia." Mzee alinung'unika. Sisi tulimwombea kijana dua kimoyomoyo, kwa kuwa uzi wake ulikuwa umekaribia kukatika, naye akasimama.

Mwenyezi Mungu atujaalie ukweli katika kuuza na kununua, na atuhifadhie mali za wajane na mayatima wetu. Amin. Wallahu a'lam.