Sentimita Moja na Nukta Nane

Chukua kimo cha baba, jumlisha na cha mama, toa sentimita 13, kisha gawa kwa mbili. Jibu utakalopata ndicho kimo anachotarajiwa kufikia binti yenu akiwa mtu mzima. Kwa mtoto wa kiume hutoi 13, unaongeza. Kanuni hii ilienezwa na daktari Mwingereza James Tanner na wenzake mwaka 1970, na madaktari wa watoto wanaitumia hadi leo, wakijua kwamba jibu lake laweza kupanda au kushuka kwa sentimita nane na nusu hivi. Mimi nina sentimita 168, mama yake ana 157. Binti yetu wa miaka tisa, anayetaka kumpita shangazi yake, aliletewa jibu la 156 na hakulipokea vizuri.

Nadhani ana haki ya kulikataa, ila kwa sababu asiyoijua bado. Kanuni ya Tanner inachukulia kwamba baba na mama wenyewe walirefuka kadiri miili yao ilivyoweza. Mimi mwaka 1994 nilikuwa na miaka sita, na kwetu ni Ngara, mpakani mwa Rwanda na Burundi.

Wa rika langu hawahitaji kuhadithiwa. Warundi walikuwa wameanza kuingia tangu Oktoba 1993, Rais wao Melchior Ndadaye alipouawa. Tarehe 28 Aprili 1994 ikawa zamu ya Wanyarwanda waliokimbia vita nchini mwao: kwa muda wa saa 24 hivi, watu wanaokadiriwa kufika robo milioni walivuka daraja la Rusumo. Benaco pakaota kambi kubwa kuliko miji mingi ya Tanzania ya wakati huo. Mkoa wa Kagera ulipokea wakimbizi zaidi ya 500,000, na huku Ngara wageni wakawazidi wenyeji kwa idadi. Kichwani mwangu vimebaki moshi, maturubai ya buluu na foleni ya maji.

Bahati ni kwamba kulikuwa na watu waliokwisha kutupima kabla. Tangu mwaka 1991, watafiti wa Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wakizitembelea kaya zaidi ya 900 katika wilaya zote za Kagera, Ngara na Biharamulo zikiwemo (Biharamulo ya siku zile ilikuwa na Chato ndani yake). Walichokuwa wakikifuatilia ni UKIMWI, ugonjwa ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983. Waliuliza nani anaishi humu, nani amefariki, mnalima nini, mnakula nini. Kisha wakawapima watu urefu na uzito. Walimaliza mwaka 1994. Miaka kumi baadaye, 2004, timu nyingine ilirudi na orodha ile ile ya majina, ikawasaka watoto wa zamani mahali popote walipokwenda, hadi Mwanza, Dar es Salaam na Uganda. Zaidi ya asilimia 90 ya kaya zile zilipatikana. Katika tafiti za Afrika ni nadra sana kufuatilia watu kwa uaminifu wa namna hiyo.

Mchumi Javier Baez alizichukua takwimu hizo akauliza swali ambalo waanzilishi hawakulifikiria: je, watoto wa wenyeji walioishi upande wa magharibi, karibu na makambi, walikua sawa na wenzao wa mashariki waliotengwa na wakimbizi kwa milima na mapori? Jibu lake alilichapisha mwaka 2011. Mwaka mmoja na ushei baada ya wimbi lile, magonjwa ya kuambukiza yalikuwa yameongezeka kwa watoto wa magharibi, na vifo vya walio chini ya miaka mitano vilevile. Na walipofika utu uzima, wale waliokutwa na wimbi hilo utotoni walikuwa wafupi kwa wastani wa sentimita 1.8 kuliko ambavyo wangekuwa.

Niseme mapema kwamba silisomi jibu hilo kama hati ya mashtaka dhidi ya wakimbizi. Waliokuwa ndani ya kambi walibeba makubwa zaidi, na hakuna aliyekuwa na kimo chao cha kabla ili akilinganishe. Tena utafiti mwingine wa takwimu hizo hizo ulionyesha kwamba kwa muda mrefu wenyeji walinufaika, hasa kwa sababu barabara zilijengwa na usafiri ukashuka bei. Barabara ilikuja; lakini mfupa wa mtoto wa miaka sita haukuweza kuisubiri.

Kwa nini hauwezi? Karibu na ncha za kila mfupa mrefu wa mtoto pana tabaka jembamba la gegedu. Seli za tabaka hilo hugawanyika, hujipanga kama matofali, huvimba, kisha nafasi yake huchukuliwa na mfupa mgumu. Kinachoziamuru ni homoni ya ukuaji inayotoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, ikisaidiwa na homoni nyingine ambayo hutengenezwa zaidi na ini. Mtoto akiharisha wiki nzima, akipanda homa ya malaria mara kwa mara, au akila ugali wa muhogo mtupu miezi mingi, ini hupunguza homoni hiyo. Nishati iliyopo inakwenda kwanza kwenye moyo, ubongo na kupambana na vimelea, na urefu unawekwa kando. Mambo yakitengemaa, mtoto anaweza kukimbia kufidia alichokosa, lakini dhiki ikirudiarudia hafidii chote.

Ndiyo maana alama za penseli ninazochora kwenye fremu ya mlango sizioni kama mchezo tu. Si mimi niliyezibuni. Mzazi wa kwanza anayejulikana kuandika kimo cha mwanawe kuanzia kuzaliwa hadi utu uzima ni Mfaransa Philibert Guéneau de Montbeillard, aliyempima kijana wake kila baada ya miezi sita hivi, kuanzia 1759 hadi 1777. Tangu enzi hizo ilionekana kwamba mtu ni mrefu asubuhi kuliko jioni, kwa kuwa pingili za mgongo hubanwa na uzito wa kutwa. Basi anayepima na apime saa ile ile kila mara, vinginevyo atashangilia sentimita moja iliyotokana na usingizi tu.

Usingizi wenyewe una kazi yake. Homoni ya ukuaji hutoka kwa mikupuo, na mkupuo mkubwa huja katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku. Mwaka 2004 watafiti wa Wisconsin, Marekani, waliweka vifaa vya kupimia kwenye mfupa wa mguu wa wanakondoo wakagundua kwamba angalau asilimia 90 ya urefu uliongezeka mnyama akiwa amelala au amejipumzisha chini. Akisimama, uzito wake unaligandamiza lile gegedu. Mtoto si kondoo, lakini tangu nisome habari hiyo, saa mbili na nusu usiku taa ya chumbani kwake inazimwa, na malalamiko yake yanapelekwa kwa bibi yake, ambaye naye hamsikilizi.

Kuhusu chakula, mkoa wetu una fumbo linalonikera. Kagera ni nchi ya migomba na maharage. Muleba wana samaki na dagaa wa ziwa hatua chache tu. Bado utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta karibu watoto 42 kati ya 100 wa Kagera walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ule wa 2022 ulikuta 34. Tumepunguza, lakini wastani wa nchi ulikuwa 30. Shibe tunayo, kinachokosekana ni mchanganyiko, pamoja na maji safi na muda wa mama kumlisha mtoto mara nne au tano kwa siku badala ya kumwachia kiporo akiwa shambani. Na anayesema "ukoo wetu ndivyo ulivyo" aangalie mchoro wa ukuaji wa Shirika la Afya Duniani. Ulitengenezwa kwa kupima watoto wa nchi sita, Ghana na Oman zikiwemo, waliotunzwa vizuri na kunyonyeshwa. Hadi miaka mitano walirefuka karibu sawasawa, awe wa Muscat au wa Accra. Ukoo huanza kusema baadaye. Miaka ya mwanzo inayosema zaidi ni nyumba.

Na nyumba, takwimu za Kagera zinaonyesha, ni mama. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon waliwafuatilia watoto 718 ambao mwanzoni mwa utafiti wazazi wao wote walikuwa hai. Karibu mmoja kati ya watano alifiwa na mzazi kabla ya kutimiza miaka 15. Waliofiwa na mama waliishia wafupi kwa sentimita mbili na wamesoma mwaka mmoja pungufu, hata walipolinganishwa na watoto wa kijiji kile kile waliokuwa na hali sawa kabla ya msiba. Sentimita mbili huwezi kuzitambua kwa macho mtu akipita njiani. Mwaka wa shule ndio unaoniuma zaidi, maana huo hakuna uji unaoufidia.

Sasa binti yetu anaukaribia mlango mwingine. Wasichana wengi huanza balehe kati ya miaka 8 na 13, na kinachoiwasha ni seli chache za ubongo zinazotoa kemikali iitwayo kispeptini. Jeni yake iligunduliwa mwaka 1996 katika mji wa Hershey, Pennsylvania, ikapewa jina kutokana na chokoleti maarufu za mji huo, na watu walikuwa wakiichunguza kwa ajili ya saratani. Ni mwaka 2003 ilipobainika kwamba asiye na kipokezi cha kemikali hiyo habalehe kabisa. Akishaanza, msichana hurefuka kwa kasi, hata sentimita nane kwa mwaka, na kwa kawaida huvunja ungo miaka miwili hivi baada ya matiti kuchomoza. Estrojeni inayomkimbiza ndiyo hiyo hiyo inayoyafunga magegedu yake baadaye.

Hapa sayansi inapingana waziwazi na desturi ambayo bado ninaisikia kwenye vikao vya harusi. Kuvunja ungo kunakuja wakati kasi ya kurefuka imeshaanza kupungua, lakini ukuaji haujaisha: bado sentimita kadhaa zinakuja, na mifupa ya nyonga, njia atakayopita mtoto wake siku moja, inachelewa nyuma ya kimo. Mtoto aliyevunja ungo ni mtoto. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti wa miaka 14 au 15 kuozwa vinakiuka Katiba. Shangazi atamfunda, hilo sina neno. Tarehe ya kuolewa haitatoka kwake.

Kuna tokeo moja la utafiti wa Kagera ambalo sijalizoea. Watu waliohama kutoka vijiji vyao vya mwanzo waliongeza matumizi yao, kufikia 2004, kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya ndugu zao waliobaki. Yaani unamlea, unampima, unampigania kila sentimita, na mwenye nafasi nzuri zaidi ni yule atakayepanda basi. Wa kwangu ameshachagua chombo: anataka kuendesha malori yale yanayotoka Nyakanazi kwenda Rusumo. Mama yake anapendelea uuguzi. Mimi nasubiri kwanza matokeo ya upimaji wa darasa la nne, na hisabati haziendi vizuri.