Kuvu wa Mizizini na Joto la Dunia (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona kwamba mimea mingi haijitafutii chakula peke yake. Kuvu hukaa mizizini mwake na kutandaza nyuzi nyembamba udongoni kuchota maji, fosforasi na nitrojeni. Mmea nao huwalipa sukari. Mwaka 1885 Mjerumani Albert Bernhard Frank aliupa ushirika huo jina la maikoriza. Mkazi wa Mchikichini akienda soko la Ilala au Kariakoo hununua mazao ya ushirika huo: maharage, nyanya, vitunguu, mahindi. Kabichi ni miongoni mwa mazao machache yasiyowahitaji kuvu hawa. Je, joto likizidi ushirika huo huwaje?

Tuanzie tundra, nyika baridi ya kaskazini ambako ardhi ya chini imeganda mwaka mzima. Udongo ulioganda wa kaskazini umehifadhi kaboni karibu mara mbili ya ile iliyomo angani. Huko Toolik, Alaska, watafiti wamekuwa wakifunika mimea kwa vibanda vya plastiki tangu 1989 ili ipate joto. Vichaka vya Betula vilitamalaki, na mizizini mwake wakaongezeka kuvu wa jenasi ya Cortinarius, hodari wa kuvunja mboji kuukuu ili kupata nitrojeni. Hofu ni kwamba mboji ikivunjwa, kaboni yake hupanda angani na kuongeza joto lilelile.

Kwetu hakuna tundra, ila Kilimanjaro, juu ya mita 3,000, ina misitu ya Erica, jamaa wa vichaka vingine vya tundra. Udongo wake una asidi, na nitrojeni yake imefungwa ndani ya mboji. Kuvu ndio wanaoifungua. Mtafiti Andreas Hemp ameonyesha kwamba tangu 1976 ukavu umezidisha mioto iliyoshusha mpaka wa juu wa msitu. Mlima uliwaka tena Oktoba 2020 na Oktoba 2022. Moto mkali huteketeza mboji pamoja na kuvu waliomo, na Erica zikitoweka, ukungu uliokuwa ukinaswa na matawi yake haugeuki tena maji ya mito.

Basi kupanda miche tu hakutoshi kuurudisha msitu ulioungua. Misonobari ya kigeni ilipoletwa Afrika Mashariki ilidumaa vitaluni hadi ilipowekewa udongo wenye kuvu wake. Anayetaka kurudisha msitu azuie moto kwanza, kisha achanganye kwenye viriba udongo kidogo uliotoka chini ya miti ya aina ileile.

Wiki ijayo: uyoga wa miombo.