Adui wa jiko la nyama choma ni majivu

Mwenye jiko la kuchomea nyama akipania kulisafisha, kwa kawaida huanza na masizi ya nje. Hulisugua kwa stilwaya na sabuni mpaka ling'ae, kisha hulirudisha uani na majivu ya Jumapili iliyopita yakiwa bado tumboni. Baada ya misimu michache ya mvua sakafu inatoboka, na lawama zote zinamwangukia fundi wa kuchomelea.

Masizi ya nje hayana neno, yaache. Shida iko chini. Majivu ya mkaa yana kaboneti ya potasiamu, chumvi inayonyonya unyevu wa hewani hata mvua isiponyesha. Ongeza chumvi iliyodondoka na maji ya nyama, na kwa anayeishi Dar, Mombasa au Unguja, ongeza upepo wa bahari. Mchanganyiko huo hushikilia unyevu kwenye bati ambalo, lingekuwa tupu, jua la asubuhi lingeshalikausha. Nalo lile pipa la lita 200 ambalo mafundi wetu hulipasua wakapata majiko mawili, bati lake ni kama milimita 1 tu. Kutu haichukui muda mrefu kulimaliza.

Basi toa majivu kila baada ya kuchoma, ila yakiwa yamepoa kabisa, maana yake kesho yake. Kaa lililofukiwa linaweza kukesha likiwa hai, likaja kuunguza ndoo ya plastiki au jalala zima. Wala usiliingize jiko ndani usiku kwa kuogopa mvua: makaa yanayofifia hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Na kuyamwagia maji ili yazime upesi ni kujitafutia kazi, kwani bati la moto hupinda, jiko la udongo hupasuka, na majivu hugeuka uji unaoganda kwenye kona usikofika mkono. Majivu makavu, kidogokidogo, yanafaa kwenye migomba.

Wavu ni habari nyingine, na hapo moto ndio sabuni. Kabla ya kuweka nyama, uache juu ya makaa yaliyokolea kwa dakika 10 hadi 15, mabaki ya zamani yakauke na kuwa mepesi kubanduka. Hapo ndipo unaposugua. Brashi ya waya naiogopa. Mwaka 2012, CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilitoa taarifa ya wagonjwa 6 wa Rhode Island waliomeza nyuzi zilizokatika kwenye brashi za namna hiyo. Baadhi zilitoboa utumbo. Kama huna nyingine, pangusa wavu kwa kitambaa kibichi baada ya kuusugua, kisha uukague. Wengi hutumia nusu ya kitunguu iliyochomekwa kwenye uma mrefu, na ni njia nzuri: maji yake huchemka na kulainisha uchafu. Kuua vijidudu, hiyo ni kazi ya moto.

Kuna wavu usiosafishika, wa kutupa tu: ule wa waya uliopakwa zinki, uliobaki kwenye banda la kuku. Zinki huyeyuka kwenye nyuzijoto 420 hivi, na makaa yanayopepewa hupita 700. Wachomeleaji wanaijua homa inayowapata jioni wakishinda na moshi wa mabati. Tena ndimu unayokamulia nyama huiyeyusha zinki hiyo ikaingia kwenye chakula.

Wavu wa chuma cha kawaida ukishakuwa safi, ungali na joto, upake mafuta membamba sana. Alizeti inafaa, kwa sababu ikipata moto hugeuka ngozi ngumu inayozuia kutu. Mafuta ya nazi hayana tabia hiyo. Hubaki utelezi unaoita mende.

Na ukiagiza jiko jipya, usikubali wavu wa nondo zenye mikunjo, ambamo mafuta hujificha. Omba vyuma laini vya duara. Mwambie pia fundi aweke wavu wa pili sentimita chache juu ya sakafu, mkaa ukae hapo, na chini yake trei ya kuvuta. Atakuongezea bei kidogo. Mlipe.