Nauli ya auntie si bonasi, buda

Desemba jana dadangu alinitumia Sh3,000 kwa M-Pesa, akaniambia, "Mpe auntie bonasi yake, mimi nitachelewa kazini." Auntie ndiye humlea mtoto wa dadangu hapa Umoja tunakoishi. Kwetu hatumwiti mboch. Hilo neno lilipigwa marufuku dadangu alipojifungua, akagundua ni nani hasa huendesha hii nyumba.

Nikampa pesa, nikaongeza mfuko wa nguo zetu kuukuu na paketi mbili za unga. Nikajiona Santa kabisa. Alisema asante, Mungu awabariki, akashuka ngazi na mizigo yake.

Alirudi Januari, wiki moja baada ya siku tuliyoelewana. Dadangu alikuwa ashakasirika, lakini auntie alipoeleza, tulinyamaza wote. Nauli ya Busia ilikuwa imepanda, vile hupanda kila mwaka shule zikifungwa na kila mtu akikimbilia ushago. Ile elfu tatu karibu yote iliishia barabarani, tena ya kwenda tu. Ya kurudi alikopa. Na wanawe wawili, ambao hakuwa amewaona tangu Aprili, aliwapelekea unga. Hebu fikiria, mtu abebe unga kutoka Nairobi hadi Busia, kwenye mahindi!

Sheria ya Kenya haikulazimishi kutoa bonasi ya Krismasi. Likizo ndiyo lazima. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 21 za kazi kila baada ya mwaka mmoja, kwa mshahara kamili. Kwa hivyo ukimwambia yaya "enda nyumbani wiki mbili, hiyo ndiyo Krismasi yako," hujampa kitu. Umemrudishia chake.

Halafu kuna mshahara wenyewe. Agizo la mishahara la 2024 liliweka kima cha chini cha yaya hapa Nairobi kuwa Sh16,113.75 kwa mwezi, bila marupurupu ya nyumba. Ukilipa elfu nane mwaka mzima kisha Desemba utoe elfu mbili, hiyo si zawadi, unapunguza deni. Sijipigi kifua, sisi wenyewe tulikuwa tunalipa elfu kumi. Sasa ni kumi na tatu na bado hatujafika.

Beshte yangu mmoja wa Kasarani ananiambia hana pesa ya mambo hayo, maisha ni ngumu. Sawa. Lakini Jumamosi iliyopita nilimwona akilipa bili ya nyama na vinywaji iliyopita mshahara wa mama anayemwoshea mtoto nepi. Sijasema kitu, nilikuwa nakula hiyo nyama.

Mwaka huu tulianza mapema. Tangu Julai mimi na dadangu tumekuwa tukiweka elfu moja kila mmoja, kila mwezi, kwenye M-Shwari ya kufunga ili tusiiguse. Mimi niliacha chuo na hela zangu huja kwa msimu, lakini elfu moja hupatikana. Novemba ikiisha tutakuwa na elfu kumi: tano nauli ya kwenda na kurudi, tano bonasi. Mama fua, ambaye huja Jumamosi pekee, atapata malipo ya siku moja zaidi. Soja wa ploti tunachangiwa na wapangaji wote, caretaker ana orodha, na majina yasiyolipa tunayajua.

Jambo lingine ni kumwambia mapema. Juzi tulimketisha auntie tukamtajia pesa zote, nauli kando, bonasi kando. Alifikiria kidogo, akauliza kama ile bonasi tunaweza kuituma Januari moja kwa moja kwa shule ya mtoto wake mkubwa. Akifika nayo mkononi, alisema, kila shemeji atakuwa na shida, na Njaanuari itamkuta bila kitu.

Tukakubali. Halafu akaongeza, kwa heshima zake zote, kwamba unga tusinunue.