Je, Wajua? Kompyuta Ilivyopekua Maneno ya Tiba

Huko Uingereza, kompyuta ilichambua mazungumzo 90,934 ya tiba ya sonona, wasiwasi na maradhi kama hayo. Mgonjwa na mtaalamu waliandikiana kwenye skrini, kwa hiyo kila neno lilibaki. Matokeo yalitoka 2019.

Mtaalamu aliyempongeza mgonjwa kwa hatua aliyopiga, kisha wakapanga pamoja la kufanya, alihusishwa na nafuu kubwa zaidi. Soga za nje ya tiba zilihusishwa na nafuu ndogo.

Jirani zetu Kenya nao walijaribu msaada wa kompyuta, uitwao Shamiri, kwa wanafunzi 103 wa sekondari. Kikao kimoja tu cha kompyuta! Kundi la Shamiri liliandika, pamoja na mengine, mambo wanayoyashukuru. Wiki mbili baadaye, dalili zao za sonona zilikuwa zimepungua kuliko za wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma.

Lakini mashine ile ya Uingereza, iliyohesabu soga kuwa nje ya tiba, ilisoma Kiingereza. Huku kwetu Musoma, Bunda na Butiama, salamu ni sehemu ya tiba. Naliamini hilo kwa dhati. Mtu huanza na habari za nyumbani, za ng'ombe, za ziwa. Kisha sauti hushuka: “Siku hizi sipati usingizi.”