Ardhi ya Equatoria: sahihi ya mtu mmoja haitoshi

JUBA. Mfanyabiashara anayeshusha unga Thongpiny, mtaa ulio jirani na uwanja wa ndege wa Juba, anajua mzigo wake umetoka wapi: Uganda, kupitia Elegu na Nimule, kisha kilomita 192 za lami. Lakini Equatoria, inayouzunguka mji huo, ina udongo mzuri, na sehemu zake hupata mvua za misimu miwili. Kinachokosekana ni uhakika kwamba aliyepanda ndiye atakayevuna.

Mwaka 2008, kampuni ya Marekani ya Nile Trading and Development ilitia saini mkataba na ushirika uliojiita wa Mukaya, kaunti ya Lainya, kwenye barabara ya kwenda Yei. Ilipewa hekta 600,000 kwa miaka 49, kwa takriban dola 25,000. Eneo hilo linazidi mara mbili Unguja na Pemba zikiunganishwa. Habari zilipowafikia wakazi, walisema hawakushirikishwa, na mwaka 2011 wakaupinga mkataba hadharani.

Kampuni si mdai pekee. Wafugaji kutoka Jonglei, wanaosukumwa na vita na mafuriko, wameingiza ng'ombe kwenye mashamba ya Magwi na kwingineko. Rais Salva Kiir aliamuru mifugo hiyo iondoke mwaka 2015, lakini ugomvi haukuisha. Juba nayo inapanuka kuelekea vijiji vya Wabari.

Anayeumia ni mkulima wa jembe la mkono asiye na hati. Akipoteza shamba hukimbilia mjini au kambini Uganda. Muuzaji wa unga anaweza kudhani amepata mteja mpya, kumbe mteja huyo hana cha kuuza ili apate cha kununulia.

Kwa anayeshawishika kulima huko badala ya kusafirisha, Sudan Kusini imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, lakini Itifaki ya Soko la Pamoja inaacha ardhi chini ya sheria za kila nchi. Sheria ya Ardhi ya 2009 inamruhusu mgeni kupangisha, si kumiliki. Inataka jamii ishauriwe, na ardhi ya jamii inayozidi fedani 250, yaani ekari kama 260, ipate kibali cha jimbo.

Kabla ya kulipa, ni vyema kukutana na chifu, wazee na wanaolima pale. Karatasi yenye sahihi hata Mukaya ilikuwepo.